Aliyejuliwa Hali Akajibu

Arlys Kucera alikuwa na kazi tatu katika mji wa Minnick, na hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu mji wa watu mia na arobaini hauwezi kumwachia mtu kazi moja. Alikuwa na moteli ya vyumba tisa kando ya barabara kuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Asubuhi aliwapikia wageni katika chumba cha mbele chenye meza nne. Tena kwa mwaka wa kumi na tisa alikuwa mmoja wa watu sita wa kikosi cha kujitolea cha gari la wagonjwa. Kidude cha mwito alikifunga kiunoni tangu anapoamka hadi anapopanda kitandani, na kikilia aliacha alichokuwa akikifanya, yawe mayai kikaangoni au sala kanisani.

Alikuwa na miaka sitini na minne, mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekulia kwa ng'ombe. Maneno yake hayakuwa mengi. Katika vilima vile vya mchanga vya Nebraska ng'ombe ni wengi kuliko watu, na mtu anayesema sana huishia kusema na upepo.

Kila mwezi wa Aprili walikuja wageni kutoka Ulaya kuwatazama kwale wa mbugani, ambao majogoo wao huvimbisha shingo na kucheza alfajiri mbele ya majike. Arlys alikwisha kuwazoea. Mwitaliano mmoja alimwuliza katikati ya mji ni wapi, na wakati ule alikuwa amesimama papo hapo. Mjerumani mmoja aliomba aonyeshwe bunduki yake, akasikitika kuambiwa kwamba iko ghalani, ya kuulia nyoka, na haijaguswa tangu mwaka juzi. Wengi walikuja wamechoka, macho mekundu, kwa kuwa ramani imewadanganya. Walidhani watakunywa chai Chicago na kulala milimani, kumbe katikati kuna siku mbili za barabara. Arlys hakuwacheka. Aliwapa maji yenye barafu, ambayo hawakuyataka, na funguo.

Teunis Brandsma na mkewe Maaike walifika jioni ya Jumatatu, Waholanzi wote wawili. Mwanamume alikuwa na miaka sabini na mmoja, mnene kiasi, uso mwekundu wenye ucheshi. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga daraja la mfereji ili mashua zipite. Mke alikuwa mkutubi mstaafu, mwembamba, nywele fupi nyeupe, na macho yake yalikikagua chumba kana kwamba anatafuta kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake.

"Habari yako, bwana?" Arlys alimsalimu, huku akifungua daftari la wageni.

Teunis aliweka begi chini. "Unauliza kweli, mama, au unauliza tu?"

"Sijakuelewa."

"Kwetu tumeambiwa kwamba Mmarekani akikujulia hali hataki jibu. Kwa hiyo mimi tangu nishuke Chicago najibu. Bawabu wa hoteli nilimpa habari za goti langu zote, mwanzo hadi mwisho."

"Akafanya nini?"

"Akaniitia teksi."

"Mwache, mama," Maaike alisema. "Huo ndio mchezo wake. Nyumbani hamwambii mtu kitu, hata mimi. Huku anamwambia kila mwenye masikio."

Arlys alifunga daftari, akaegemeza viwiko mezani. "Haya, goti likoje?"

Teunis alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona kwamba mwanamke yule hajaondoka na anamtazama, alianza kueleza, na alieleza dakika kumi: alivyoteleza kwenye ngazi ya daraja yenye barafu, daktari alivyosema, na mvua inavyolifanya. Arlys alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa chumba namba mbili, kisicho na ngazi.

"Huyu wa kwanza," Teunis alimwambia mkewe wakiwa mlangoni, na Arlys alimsikia. "Huyu ameuliza kweli."

Siku ya pili Maaike aliondoka kwa miguu kwenda kununua matunda. Duka lilikuwa maili mbili, na kwao maili mbili ni mwendo wa kunyoosha mgongo. Barabara haikuwa na njia ya waendao kwa miguu, akatembea kwenye nyasi. Gari la kwanza lilisimama, akasema hapana asante. La pili likasimama. La tatu lilikuwa la askari wa wilaya, naye alishuka kabisa.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna. Natembea."

"Gari lako limeharibikia wapi?"

"Halijaharibika. Liko kwenye moteli."

Askari alitazama nyuma, akatazama mbele. "Mmegombana na mzee?"

Maaike alirudi ndani ya gari la askari, na machungwa mapajani, akiwa amekasirika kidogo. Wakati wa chakula alimwambia Arlys, "Kwetu mtu akitembea anaachwa atembee. Nyinyi ni watu wema, naona. Lakini wema wenu una haraka. Unanikamata mkono kabla sijajikwaa."

"Huku mtu haonekani barabarani kwa miguu ila amepata mkosi," Arlys alijibu. "Ukimpita, na usiku ukawa baridi, utamkuta kesho amekufa. Ndiyo maana."

Maaike alilitafakari lile neno, akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa.

Alhamisi asubuhi upepo ulivuma tangu alfajiri, na hakuna aliyekwenda kuwaona kwale. Saa mbili kasorobo Teunis alikuja peke yake kwenye chumba cha mbele, akakaa kwenye meza ya dirishani. Arlys alipita na birika la kahawa.

"Habari ya asubuhi, bwana Teunis?"

"Leo si nzuri," alisema. "Sikulala. Mkono huu ni mzito kana kwamba nimeulalia, na hapa chini ya kifua ni kama nimemeza jiwe. Ni ile nyama yenu ya jana. Kipande kama godoro."

Arlys alicheka. "Pole. Basi leo nikuletee chai badala ya kahawa."

Wakati huo huo simu ililia mezani pake. Aliweka birika, akaenda. Alikuwa ni mtu wa kuongoza watazama ndege, anauliza kama kuna vyumba wiki ijayo, naye alikuwa mtu wa maneno mengi. Maaike aliingia, akaketi mkabala na mumewe. Arlys akiwa bado na simu sikioni alikoroga mayai, akageuza nyama, akaandika majina. Chai aliisahau. Ilipita robo saa, au zaidi kidogo, ndipo aliposikia kiti kikianguka.

Mtu akiwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile, mwili wake huanza kabla ya akili. Alikuwa magotini sakafuni kabla Maaike hajamaliza kuita jina la mumewe. Alipapasa shingo, hakukuwa na kitu. Alimlaza chali, akaanza kumkandamiza kifua, na kwa kuwa simu ilikuwa bado wazi alimwagiza yule mtu wa ndege kwa sauti ya kawaida, "Kata, upige ya dharura, sema moteli ya Arlys, moyo umesimama." Muda si muda kidude kiunoni mwake mwenyewe kikalia, kikimwita aende mahali alipokuwapo tayari.

"Wanakuja lini?" Maaike aliuliza. Alikuwa amesimama na kitambaa cha meza mkononi. "Gari la wagonjwa linakuja lini?"

"Ni sisi, mama."

"Nyinyi nani?"

"Sisi ndio gari la wagonjwa."

Maaike alimtazama mwanamke yule aliyevaa aproni yenye madoa ya mayai, na uso wake ulibadilika. Arlys aliuona. Alikuwa ameziona nyuso nyingi katika miaka ile, za kulia na za kupiga mayowe, lakini ule hakupata kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga ngazi akakuta haipo.

Lyle Hoback, mwuza chakula cha ng'ombe, alifika na gari baada ya dakika sita, na vumbi la pumba begani. Renae, mwalimu wa shule ya msingi, alifuata, baada ya kuwaacha watoto na mpishi. Waliweka mashine ya kushtua moyo. Mara ya pili moyo ulirudi, dhaifu kama ndege aliyeshikwa kiganjani. Lyle aliomba helikopta, akajibiwa kwamba kwa upepo ule hairuki. Kwa hiyo ilibaki barabara, maili sitini na nane hadi hospitali yenye daktari wa moyo. Lyle aliendesha, Maaike akiwa kando yake mbele, na wanawake wawili nyuma na Teunis.

Karibu na maili ya arobaini moyo ulisimama tena. Arlys na Renae walipokezana mpaka mikono ikafa ganzi. Walifika hospitalini wakiendelea, ingawa wote wawili walijua kwamba wanaifanya kazi ile kwa ajili ya mwanamke aliyeketi mbele.

Daktari alipokwisha kusema aliyokuwa nayo ya kusema, Maaike alikaa kwenye korido, mkoba mapajani. Arlys alimsogelea, akamwambia pole. Maaike hakumtazama.

"Kwetu gari linafika kwa dakika kumi," alisema, kwa sauti tulivu, kama anayesoma. "Ndani yake wamo watu waliosomea kazi hiyo, na hospitali haiko mbali. Hapa nchi hii kubwa, tajiri, imemletea mume wangu mpishi na mwuza chakula cha ng'ombe."

Lyle alikuwa amesimama hatua tatu kando. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaivaa tena.

"Ndiyo, mama," Arlys alisema.

Walirudi Minnick mchana ule, Maaike akiwa mbele tena na kitanda cha nyuma kikiwa kitupu, na hakuna aliyewasha redio.

Mwili wa Mholanzi haukuweza kuondoka upesi. Kulikuwa na karatasi za ubalozi, karatasi za wilaya, na kibali cha kuuchoma, kwani ndivyo alivyotaka mwenyewe. Maaike aliambiwa angoje siku nne au tano. Hakuwa na mtoto. Mpwa wake alitaka kuja, akamkataza. Arlys alimwambia chumba ni chake kwa siku atakazo, naye alikubali kwa kuinamisha kichwa tu, kwa kuwa hakukuwa na moteli nyingine.

Jioni ile ile watu walianza kuja. Kwenye chumba cha Maaike aligonga bibi mmoja mwenye bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, akampa, akasema pole, akaondoka. Akaja mwingine na paja zima la nguruwe. Akaja mzee na mkate na siagi, akasimama mlangoni bila kuongea mpaka mkewe alipompigia honi. Asubuhi ya pili Maaike alikwenda kwa Arlys, mikono imejaa vyombo.

"Ni akina nani hawa?"

"Majirani."

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

"Hawanijui. Hawakumjua Teunis." Aliweka vyombo mezani kimoja kimoja. "Nilipokuwa natoka nyumbani dada yangu aliniambia, Wamarekani ni watamu juu tu. Wanakuita mpenzi, kesho hawakukumbuki. Tena akaniambia, ukianguka huko kwanza wanakuomba kadi ya bima, ndipo wakuguse. Mimi nilikuwa nangoja muombe kadi. Mpaka sasa nangoja."

"Hospitali itakuandikia ankara, hilo ni kweli, na itakushtua," Arlys alisema. "Sisi hatujapata kumwomba mtu kadi."

"Basi sielewi," Maaike alisema. "Nchi yenye watu kama hawa, kwa nini haina hospitali karibu?"

Arlys alichukua bakuli la viazi, akalitia kwenye jokofu. Alikuwa ameishi pale maisha yake yote, amezaliwa kwenye kitanda cha mama yake kwa sababu ya barabara ile ile, na hakupata kuulizwa swali lile na mtu aliyestahili jibu.

Siku hizo Arlys hakulala vizuri. Jumamosi alikwenda kwenye duka la Lyle, akakiweka kidude cha mwito juu ya kaunta, katikati ya makopo ya dawa za ndama.

"Kimeharibika?" Lyle aliuliza.

"Kiko sawa. Nakirudisha."

"Acha masihara, bibi. Kwa ajili ya maneno ya mwanamke aliyefiwa? Mimi kaniita mwuza chakula cha ng'ombe. Sasa nikatae?"

"Si maneno yake." Arlys alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna mteja. "Aliniambia, Lyle. Mzee yule. Nilimjulia hali akaniambia mkono mzito, jiwe kifuani, hajalala. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua. Mimi nikacheka, nikamwahidi chai, nikaenda kupokea simu. Robo saa. Kukicha namwona, ananitazama akijibu."

Lyle alikuwa mtu wa mzaha, na ilionekana anautafuta mzaha pande zote asiupate.

"Mkewe anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie. Utakuwa unautua mzigo wako kichwani pake."

"Na nisipomwambia?"

"Utaubeba. Una mabega." Alikisukuma kidude kurudi upande wake. "Na hiki ubebe vilevile. Wiki hii Renae ana mitihani. Ukiondoka tunabaki wanne, na mmoja wetu haoni vizuri jua likishazama. Ukitaka kuacha, acha mwezi wa sita."

Alikichukua, kwa kuwa hesabu ya Lyle ilikuwa kweli.

Jumapili, baada ya ibada, Maaike alimkuta Arlys akianika mashuka. Alikuwa amevaa koti na viatu vya kutembelea.

"Nataka kuiona barabara," alisema. "Siku ile sikuiona. Nilimtazama yule bwana mikono yake tu. Unaweza kunipeleka?"

Wakaondoka kwa gari la Arlys la kubebea mizigo. Upepo ulikuwa umetulia. Barabara ilipanda kilima ikashuka, ikapanda kingine ikashuka, na kila kilima kilikuwa ndugu wa kilichopita: nyasi za rangi ya simba, seng'enge, ng'ombe weusi, na kila baada ya maili kadhaa kinu cha upepo kinachovuta maji ya mifugo. Nyumba walihesabu nne. Baada ya nusu saa Maaike aliuliza, "Tumefika nusu?"

"Bado."

"Na mlikuwa mnakimbiza."

"Lyle alikuwa anakwenda maili tisini kwa saa. Leo mimi nakwenda sitini."

Maaike aliweka kiganja kwenye kioo. "Nchi yetu yote ningekuwa nimeivuka nusu," alisema. "Niliitazama kwenye ramani. Ilikuwa kidole kimoja. Nilimwambia Teunis, ni kidole kimoja tu."

Penye kinu kimoja chenye pipa kubwa la maji Arlys alipunguza mwendo. "Ni hapa," alisema. "Hapa ndipo moyo uliposimama mara ya pili. Kule hospitalini waliandika tu."

Walishuka. Hapakuwa na cha kuona. Maaike alisimama ukingoni mwa lami, na Arlys alisimama nyuma yake, na ikasikika mashine ya kinu ikilia kwa kukosa grisi. Maneno ya Lyle alikuwa nayo kichwani. Lakini aliona pia kwamba mwanamke huyu ameomba aonyeshwe kilichomwua mumewe, naye amemwonyesha nusu.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema.

Akamwambia. Hakulipamba wala hakulipunguza. Alisema mkono, akasema jiwe, akasema alicheka, akasema simu na chai. Alisema ni robo saa.

Maaike aligeuka. "Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ungerudi kwenu ukidhani ni barabara peke yake."

"Angepona?"

"Sijui. Huenda. Robo saa haiondoi maili sitini na nane. Lakini angekuwa na robo saa moyo ukiwa bado unapiga."

Maaike alianza kutembea. Alitembea kando ya barabara akielekea mbele, mikono mifukoni, mpaka akawa mdogo. Arlys hakumfuata. Gari la mfugaji lilitokea juu ya kilima, likapunguza mwendo karibu na mwanamke yule. Arlys aliinua mkono juu, kiganja wazi, kumwambia aliye ndani asimsemeshe. Gari lilipita polepole, kisha likasimama mbali, taa zikiwaka, likangoja huko mpaka mwisho.

Aliporudi Maaike alikuwa analia, na hakujificha.

"Sijui nikifanye nini hiki ulichonipa," alisema.

"Najua."

"Alfajiri aliniamsha. Saa kumi na moja. Alisema mkono unamsumbua. Nikamwambia ageuke upande mwingine alale." Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Sisemi hivyo kukufariji. Usidhani nakufariji."

"Sidhani."

"Ulipomsikiliza siku ile tulipofika, alifurahi kama mtoto. Usiku kucha ananiambia, Maaike, dada yako ni mwongo. Ndiyo maana asubuhi ile alikwambia wewe. Kama ungekuwa kama wale wengine wote, asingekwambia, na usingekuwa na hatia." Alivuta pumzi. "Nakuchukia kwa hilo, na ni upuuzi, naujua. Nirudishe."

Walipofika motelini Maaike alishuka, akafunga mlango wa gari taratibu, akaingia chumbani.

Jumatatu kanisa liliandaa chakula. Pasta alikuwa amemwuliza Maaike kama anataka ibada, naye alisema Teunis hakuwa mtu wa dini. Pasta akasema chakula nacho hakina dini. Maaike alidhani watakuja sita. Walikuja zaidi ya arobaini, wazee wenye mashati yaliyopigwa pasi, wake zao, wanafunzi wa Renae waliotengeneza kadi zenye picha za daraja, kwa kuwa waliambiwa marehemu alikuwa mtu wa daraja. Hawakutoa hotuba. Walikula, wakaongea habari za mvua na ndama, na kila mmoja kabla ya kuondoka alimshika mkono mjane. Maaike aliketi wima, na mara moja moja aliuliza jina la mtu, akalirudia ili alishike.

Alipoona Lyle anakusanya viti, alimwendea.

"Nilikutusi hospitalini," alisema. "Nilikuita mwuza chakula cha ng'ombe."

"Ndivyo nilivyo, mama," Lyle alijibu. "Ungeniita daktari ndipo ningekasirika."

Maaike alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Akamwuliza mafunzo yao wanafanya lini, na nani anawalipa. Lyle akamwambia Jumatano baada ya kazi, na hakuna. Maaike alirudia, "Hakuna," kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni.

Arlys alikuwa jikoni na vyombo. Maaike alifika mlangoni, akasimama, akamtazama anavyosugua sufuria. Kisha alichukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Walimaliza rundo lote pamoja.

Jumatano Arlys alimpeleka uwanja wa ndege wa Denver, mwendo wa saa tano. Maaike aliliweka sanduku dogo la majivu mapajani njia nzima, akiwa amelifunika kwa skafu. Penye mlango wa wasafiri walishikana mikono, Maaike akaushika mkono ule mkubwa kwa muda mrefu kuliko desturi ya kwao au ya huku.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini nitakuandikia."

Mwezi wa sita ulipofika Arlys hakukirudisha kidude. Kabla ya hapo, Jumatano moja ya mafunzo, alisimama mbele ya kikosi na vijana wawili wapya, akasimulia kisa cha mgonjwa aliyezieleza dalili moja baada ya nyingine kwa mtu aliyefunzwa, na mtu huyo akaenda kupokea simu. Hakumficha mtu huyo jina. Mmoja wa wale wapya aliuliza kwa nini anajiaibisha, Renae akamwambia anyamaze aandike.

Barua ya kwanza ilikuja vuli. Maaike aliandika kwamba majivu ameyamwaga mferejini chini ya daraja, ingawa hairuhusiwi. Aliandika kwamba watu wa kwao wakimwuliza habari za Amerika wanataka kusikia bunduki na sahani kubwa za chakula, na yeye anapoanza kueleza barabara, na viazi vya jibini, na mwalimu mwenye vumbi la chaki akimkandamiza mumewe kifua, wanafikiri huzuni imemchanganya. Hivyo ameacha kueleza. Mstari wa mwisho uliuliza, bila mapambo, kama kikosi bado kina watu sita.

Arlys alichana barua nne kabla ya kuipata ya kutuma. Alimwandikia kuhusu theluji, kuhusu ndama, kwamba kikosi ni watu wanane sasa. Wakaendelea hivyo, barua mbili kwa mwaka, tatu ukiwa mwaka mzuri. Neno la kusamehe halikuandikwa na yeyote kati yao. Mwaka wa tano Arlys aliacha gari la wagonjwa kwa sababu ya magoti, akabaki mfundishaji wa Jumatano, na hilo nalo alimwandikia.

Mwaka wa saba bahasha ilikuwa na mwandiko mwingine. Alikuwa ni mpwa wa Maaike, akiarifu kwamba shangazi yake amefariki usingizini mwezi wa kwanza, na kwamba katika karatasi zake kulikuwa na agizo la kuiandikia anwani hii.

Jumapili ya watakatifu, kanisa la Minnick husoma majina ya waliofariki mwaka ule na kugonga kengele mara moja kwa kila jina. Mwaka ule walikuwa watatu. Arlys alimpelekea pasta kikaratasi chenye jina la nne, akiwa ameandika juu yake namna ya kulitamka. Pasta alilisoma baada ya majina ya wenyeji, taratibu, bila kukosea. Kengele iligongwa. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, na hakuna aliyegeuka kuuliza huyo alikuwa wa nani.